Maji ya Udhu na Maji ya Jicho

Ukienda hospitali ya macho, mwanangu, vaa sweta. Hata kama nje jua linawaka, vaa. Pale wanapokuweka usubiri pana baridi, na vile viti vya plastiki vinakunyonya joto lote mpaka unainuka umekauka kama ubao. Na chakula beba. Watakwambia "mama, utaonwa sasa hivi," na sasa hivi yao unaweza kuitilia nazi ukaipika, ikaiva, ukala, na bado hujaitwa. Mimi nimekalia viti vile tangu miti inatoa maua mpaka ikabaki mifupa. Nikikwambia beba chapati, beba.

Kuandika sijui. Mimi nasema, binti yangu Saumu anaandika. Akinipamba mtajua, maana maneno yatakuwa na adabu. Wanawake wa msikitini ndio walionishika: "Bi Zuhura, sema yaliyokupata. Waume zetu wanakwenda huko mashambani, wanaendesha mitambo ambayo sisi hatuijui." Haya, nasema, na nimechoka. Ugonjwa huu kila mtu anakuuliza maumivu, hakuna anayekuuliza uchovu.

Kwanza mlijue jicho lenyewe. Ninalo moja. La kushoto liliondoka na surua nikiwa mtoto, Tanga, hata silikumbuki likiona. Hili la kulia ndilo limenipikia, nimeolewa na kuzaa nalo, limenileta Birmingham kwa binti yangu, kwenye nyumba ya mtaa wa Saltley yenye ngazi nyembamba kama ya banda la kuku. Kwa hiyo lilipoungua sikuungua jicho moja kati ya mawili. Niliungua yote niliyokuwa nayo.

Mume wa Saumu anaitwa Abdi. Msomali wa Nairobi, mrefu, mpole, na Kiswahili chake kikinifika nashika ukuta kwa kucheka. "Mama, hiyo chai iko moto, wacha ipoe kiasi." Lakini heshima anayo. Miaka yote hiyo hakuwahi kunikazia macho, wala mkono wangu haukuwahi kugusana na wake. Mkwe ni mkwe. Chakula chake nakiweka mezani, natoka, ndipo yeye anaingia.

Abdi anafanya kazi kwa mzee mmoja wa Kizungu mwenye shamba nje ya mji. Mzee yule anatumia mbolea ambayo hapa si wengi wanaitumia, ya gesi, inaitwa amonia. Inakaa ndani ya tangi kubwa jeupe kama yai, linakokotwa na trekta, halafu kuna visu vinapasua udongo na kuichomeka chini. Dereva ni Abdi. Alifundishwa, akapewa miwani ya kufunika macho yote na glavu ndefu. Na ubavuni mwa lile tangi jeupe pana tangi dogo la maji lina kabomba kake. Mzee alimsimamisha hapo akamwonyesha kidole, kama vile anavyomwonyesha mbwa wake: haya ni ya macho, ya macho tu, hata ukiwa na kiu, hapana.

Maana amonia ina tabia moja, na mkisahau mengine yote hii msiisahau: inapenda maji. Ikitoka inakwenda moja kwa moja palipo na majimaji. Jichoni, kooni, kwapani. Haibishi hodi.

Mimi Jumamosi nilikuwa nafuatana na Abdi kwa sababu mzee aliniachia kipande nyuma ya shamba nipande maboga, nipate majani ya kupika. Nilikuwa nikienda na kikapu changu: jembe dogo, chupa ya chai, na chupa yangu nyingine.

Hiyo chupa nyingine ilikuwa kichekesho cha nyumba nzima. Vyoo vya Waingereza havina maji ya kujisafishia, vina karatasi tu, na karatasi na mimi hatujapatana. Kwa hiyo natembea na chupa kubwa ya plastiki nimeijaza bombani nyumbani. Mjukuu wangu Nasra, aliyezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini majibu yake yote Kiingereza, akiiona inatokeza kikapuni tukiwa Alum Rock Road anajifunika uso: "Bibi, please! Not the bottle!" Mimi namwambia, mama, siku hii chupa itakapokufaa wewe sitakupa hata tone.

Siku yenyewe ilikuwa mwanzo wa maua, jua limetoka lakini halina nguvu. Wakati wa adhuhuri Abdi alisimamisha trekta karibu na kipande changu, wenzake watatu wakaja wasali pamoja. Bomba la maji liko uani kwa mzee, ng'ambo ya shamba, na matope yote yale. Nikasikia mmoja wao, Mtanzania mwenzangu, mvivu wa kutembea huyo, anasema, "Sasa si maji haya hapa, jamani? Masafi, yana na bomba." Na Abdi anamjibu, "Haya, lakini kidogo kidogo. Tutarudishia." Kila mmoja akachukua kidogo kidogo yake. Mimi wakati huo sikujua maji yale ni ya nini. Udhu wangu wa asubuhi ulikuwa bado ninao, nikasali nimekaa juu ya ndoo, magoti hayataki.

Nikamaliza, nikammiminia Abdi chai. Yeye alishatoa salamu, amerudi kwenye mtambo kufungua ule mpira unaopitisha gesi, alikuwa kauunganisha vibaya asubuhi. Wenzake bado wanasali sunna. Mimi na kikombe changu sikuweza kupita mbele ya watu wanaosali, nani anapita? Nikawazungukia nyuma, mbali, nikatokea upande wa pili wa tangi. Ndio upande upepo ulikokuwa unakwenda. Abdi hakuniona. Miwani aliyoivua kutawadha kaipachika kwenye paji tu. Koki alikuwa ameifunga, lakini ndani ya mpira mlikuwa mmebaki gesi, na inatakiwa uitoe kidogo kidogo kwanza ndipo ufungue. Alifungua.

Psssss. Kiwingu cheupe, kidogo tu, kama mvuke ukifunua sufuria ya wali.

Kilinipiga usoni. Watu wanafikiri ni moto. Ni baridi, baridi inayouma mpaka inakuwa moto. Kikombe sijui kilikwenda wapi. Nikavuta pumzi nipige kelele, ile pumzi ndiyo ikaniunguza koo, na sauti yangu ikaishia hapo.

"Mama! Usisugue! Usisugue!" Huyo Abdi. Akanishika mkono, mkwe wangu, akanikokota mpaka upepo ukawa nyuma yetu. Nikasikia anafungua kabomba. Kakakohoa, kakatoa matone, kakanyamaza.

"Maji iko wapi? Nyinyi, maji iko wapi?"

Wenzake wakatazamana. Baadaye Abdi aliniambia ndevu zao zilikuwa bado zinachuruzika.

Mimi sauti sina, jicho sina. Nikanyoosha kidole kule nilikoacha kikapu. Akaelewa mara moja, maana nani pale nyumbani hakuijua ile chupa? Akaifuata mbio, akanishika kidevu, akanifungua kope kwa vidole vyake, akamwaga polepole, huku anasema, "Nisamehe mama, nisamehe mama," kwa kunigusa uso nadhani, si kwa jicho. Mtandio ulikuwa umeganda shingoni kama umeshonewa. Mwenzake akataka kuuvuta. "Wacha! Mwagia kwanza!" Wangeuvuta ungeondoka na ngozi. Chupa ilipokwisha wakanipakia kwenye gari mpaka uani, wakaniweka chini ya bomba, na hapo sikutolewa mpaka gari la wagonjwa likafika. Nilitetemeka mpaka meno ya bandia yakatoka.

Hospitalini wakaendelea kuniosha. Unalala, wanakuwekea kimpira jichoni, maji yanapita, yanapita, wanagusisha kikaratasi cha rangi kupima kama amonia imeisha, wanatikisa kichwa, maji tena. Daktari alikuwa msichana mdogo. Wakaleta simu yenye mkalimani, mama wa Kikongo. "Mama, docteur anauliza, kule ku shamba walikusafisha jicho na mayi gani?"

Nikanong'ona, ndiyo sauti iliyobaki. "Maji yangu ya chooni."

Yule mama akashusha sauti. Halafu, "Mama... mayi ya WC?"

Nilikuwa nakufa kwa maumivu, na bado nikatamani kucheka. Nikamweleza: ya bomba, masafi, nayabeba kwenye chupa kwa ajili ya chooni. Yule mama akapiga ukelele kwenye simu, "Ah! Hata miye niko nabeba!" Akamweleza daktari, wakaongea wee. Mwishoni akaniambia, "Mama, docteur anasema ile chupa ndiyo imefanya wakuwe bado na jicho ya kutunza. Ingekosa, leo hawangekuwa na kitu ya kutunza. Lakini ahadi hakupi. Mutangoja."

Saumu akafika na sare yake ya usafi. Hakulia. Alisikiliza Abdi anaeleza, maji ya udhu, kidogo kidogo, tutarudishia, yote. Abdi hakuficha hata kimoja. Kisha nikamsikia mwanangu, kwa sauti ya chini ambayo sijaizaa mimi: "Jicho la mama yangu likizimika, usinitafute. Na mpaka nijue, usinisemeshe." Andika, Saumu. Usiruke. Ulisema hivyo.

Basi ikawa miezi ya dawa za matone. Kila saa tone, na kila tone kama chumvi kwenye kidonda. Nasra ananitia asubuhi kabla ya shule, Saumu jioni na usiku. Mchana hakuna mtu ila Abdi. Mzee alikuwa amesimamisha mtambo mpaka ukaguliwe upya, akampunguzia siku za kazi. Kwa hiyo mchana mkwe wangu anagonga mlango wa chumba changu, anakohoa, anaingia akitazama sakafu. "Bismillahi. Mama, nisamehe." Ananifungua kope, anatia tone, anatoka. Kila siku vile vile, na kila siku nisamehe.

Nyumba ilikuwa nzito. Abdi analala sebuleni, blanketi anazikunja kabla hatujaamka kama mgeni. Saumu anapika, anasema hewani, "Nasra, mwambie baba yako chakula tayari," na baba mwenyewe kasimama hapo hapo. Na mimi ambaye kazi yangu ni kuwachekesha, sauti sina. Mtu yeyote akipita mlango wangu namwiga, imamu, mwenye duka la nyama, Nasra mwenyewe. Sasa nafungua mdomo inatoka filimbi ya birika. Jirani yangu Bi Rukia akaja na kichupa: "Shoga, tia asali, asali safi hii, imetoka Tabora." Mwingine akaleta maziwa ya mama anayenyonyesha. Nawaambia nyinyi mtakaopatwa: asante, weka mezani. Jichoni ni maji kwanza, mengi, halafu cha daktari. Asali nilikula na mkate.

Joto lilipokuja, zile siku jua halitaki kuzama, mwanga wenyewe ukawa adui. Nikakaa na pazia limefungwa mchana kutwa. Jicho likaanza kujishona, kope inataka kushikana na mboni, wakanibandika utando mwembamba wa kuliponya juu yake na kulifunika. Sasa gizani kabisa. Nilijifunza nyumba kwa mkono. Nilijua ngazi ya tatu inalia. Nilijua Saumu amechoka kwa jinsi anavyoweka funguo.

Na kila miadi, anayenipeleka ni Abdi. Sisi wawili, tuliokuwa tunakwepana kwenye korido miaka yote, tukakaa bega kwa bega kwenye viti vile asubuhi mpaka alasiri. Mwanzoni hatusemi. Halafu akaanza kunisimulia wanaopita, maana sioni. "Mama, huyu amevaa kofia iko na manyoya. Huyu amelala, mdomo wazi." Siku moja yule wa mapokezi akapita akaniuliza kama anavyouliza kila mtu, "You all right, bab?" yaani hujambo mpenzi, kwa Kiingereza cha hapa. Na mimi, bila kufikiri, nikamrudishia vile vile, pua yake, mvuto wake, bab yake, kwa sauti ya mkwaruzo kama mlango mbovu. Ukumbi mzima ukageuka. Abdi alicheka akajiziba mdomo na kofia yake. Ndiyo siku sauti ilirudi. Haikurudi yote. Za kike zimegoma mpaka leo, lakini za kiume ziko bora kuliko zamani.

Majani yalipoanza kudondoka wakaondoa kile kifuniko. Nikaona mwanga, nikaona umbo la muuguzi. Akaniweka kwenye kiti, akazima taa, akawasha kibao ukutani, akaniambia nisome mstari wa juu.

Nikanyamaza.

Akaniambia jaribu tu, mama, ile kubwa kabisa. Nikanyamaza. Akaandika kitu. Na Abdi kasimama mlangoni nyuma yake. Nikaona mabega yake yanashuka. Jamani, niliyaona. Akageukia ukuta, akaegemeza paji la uso, na mgongo wote ule mrefu ukaanza kutikisika.

"We Abdi," nikamwita. "Unalilia nini?"

"Mama, hauoni. Hata ile kubwa."

"Naiona. Ina miguu mitatu imetazama upande. Inaitwaje, mimi nitajua wapi? Hata nilipokuwa na jicho zima sikujua kusoma."

Akageuka, uso umelowa. Alikuwa hajui. Miaka yote ile hakujua, maana mkwe hamuulizi mkwe jambo kama hilo, na mimi barua zikija namwambia Nasra nisomee nimeacha miwani. Akamweleza muuguzi kwa Kiingereza, anacheka huku anajifuta kamasi. Muuguzi akaenda akaleta kadi za watoto, za picha.

"Nyumba," nikasema. "Kikombe. Huyo bata, na amekonda." Zilipokuwa ndogo sana zikawa ukungu. Daktari akasema ndiyo hivyo, mama, litaona, lakini kama mtu anayetazama nje kupitia dirisha la bafuni. Zaidi ya hapo tusitegemee.

Tukarudi na basi. Saumu alikuwa jikoni. Nikamshika uso, nikamsogeza karibu, nikamwambia, "Una chunusi kidevuni." Akaniangukia shingoni, akalia kilio chote cha miezi ile. Abdi akabaki kwenye korido na koti lake, anangoja. Saumu akajifuta, akapita karibu yake kwenda kufua. Hakumwambia neno. Jicho lilibaki nusu, na yeye akasamehe nusu. Baridi yote ikapita hivyo, wanakula meza moja, na kati yao Nasra anabeba maneno kama tarishi. Sikumlazimisha. Mtu aliyenitia matone usiku kwa usiku akiwa amesimama kwenye kazi ya mchana kutwa, namwambia nini?

Halafu miti ikatoa maua tena, na mzee akampigia Abdi simu kwamba mtambo umekaguliwa, mipira mipya. Abdi akaja chumbani kwangu, akakohoa, akatazama sakafu. "Mama, naomba ruhusa yako. Ukisema hapana, nitatafuta kazi ingine."

Nikamwambia, nisomee kwanza utakavyofanya kazi yenyewe. Akanisomea hatua moja moja, akahesabu kwa vidole kama mtoto madrasa. Asubuhi kabla ya trekta kuwaka, maji ya zamani yamwage, jaza mapya, fungua bomba uone yanatoka. Miwani machoni, si kwenye paji, hata kama ni kazi ya kupepesa jicho. Mpira toa gesi kwanza, ndipo ufungue. Upepo mgongoni. Na zunguka tangi lote utazame, pengine kuna kikongwe na chai yake.

"Na mkitaka kusali?"

Vidole vilikuwa vimekwisha. Hilo hakuwa amelipangia.

Kesho yake alfajiri nilishuka ngazi kwa mkono, ile ya tatu ikalia. Taa ya jikoni inawaka. Saumu kasimama bombani, hajavaa hata mtandio, anajaza chupa. Moja ilikuwa ile yangu, ile ile, Nasra aliitupa jalalani mara mbili nikaiokota. Nyingine mpya, ya kijani. Ninavyoona mimi vitu siku hizi ni ukungu, lakini maji yakiwa ndani ya chupa na taa nyuma yake, nayaona. Yalikuwa yamefika shingoni, zote mbili.

Abdi kavaa buti, anatoka. Saumu akamzibia mlango. Akamtia ya kijani mkono mmoja.

"Hii ya udhu," akamwambia, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Akamtia ile yangu mkono wa pili. "Hii usiiguse mpaka uwe unakufa."

Abdi akazikumbatia zote mbili kifuani.

"Sawa, mama Nasra. Sitaigusa."

"Na ukirudi jioni nitaitazama. Nataka niikute imejaa."

Ilirudi imejaa. Inarudi imejaa kila siku. Saumu anaipokea mlangoni, anaiinua kwenye taa, anaimwaga, anaijaza upya. Mimi nimenunua nyingine, na Nasra ndiye anayenibebea.